Imamu Ibnul-Jauzi, Mtoa Mawaidha wa Baghdad

Katika miji yetu ya pwani wako watu wengi waijuao kheri na wakainyamazia. Mtu amwona jirani yake ameacha sala, au kijana wa mtaani ameanza kupotea, na neno la kumwambia analo, lakini hulimeza. Akiulizwa sababu, hujibu kuwa yeye si mtu wa kumwelekeza mwenzake, kwa kuwa aibu zake azijua mwenyewe. Wako na wengine ambao kila anaposimama mtu kutoa mawaidha huanza kumpima yeye kabla ya kuyapima maneno yake: jana alikuwa wapi, deni la fulani amelipa au hajalipa, mwanawe ana mwendo gani. Baina ya hawa wawili, anyamazaye na akaguaye, neno la dini halipati msemaji wala halipati sikio.

Hatusemi kuwa khofu ya yule anyamazaye ni ya bure. Qur'ani imewakemea waziwazi wanaowaamrisha watu wema na kuzisahau nafsi zao, na imetaja ilivyo kubwa chuki ya Mwenyezi Mungu kwa wanaosema wasiyoyatenda. Mtu asiyetishika na aya hizo hafai kupewa membari. Lakini yatupasa tujue pia wale waliotishika nazo walifanya nini. Kwa ajili hiyo tumechagua kueleza hapa maisha ya Imamu Abul-Faraj Abdurrahman bin Ali, ajulikanaye kwa jina la Ibnul-Jauzi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyewawaidhi watu wa Baghdad kadiri ya miaka sabiini, naye katika muda wote huo hakupata kujiona kuwa ametakasika.

Alizaliwa Baghdad katika nyumba ya ukoo utokanao na Sayyidna Abubakar Siddiq, Mwenyezi Mungu amridhie. Mwaka wa kuzaliwa kwake hata yeye mwenyewe hakuwa na yakini nao, ila yakadiriwa kuwa ni kama mwaka 510 wa Hijra, yaani 1116 wa Miladi. Jamaa zake walikuwa wafanyi biashara ya shaba, na kwa hivyo katika baadhi ya maandishi ya utoto wake aliandikwa kwa jina la as-Saffar, yaani mtu wa shaba. Baba yake alifariki naye akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na mama yake hakumshughulikia sana. Aliyemlea ni shangazi yake. Bibi huyu, ambaye taarikh haikumpa nafasi kubwa, ndiye aliyemshika mkono alipofikia umri wa kufahamu akampeleka msikitini kwa Shekhe Abul-Fadhl bin Nasir, akamkabidhi kwake asikilizishwe hadithi za Mtume. Kila kilichokuja baadaye asili yake ni safari ile fupi ya kutoka nyumbani mpaka msikitini.

Mwenyewe amesimulia katika kitabu chake Saydul-Khatir namna alivyokuwa akitafuta ilimu utotoni. Wenziwe walikuwa wakienda kando ya mto Dijla kucheza, au husimama uwanjani kuwatazama wafanyi mazingaombwe, naye hushika juzuu yake akakaa mbali na watu. Alikuwa akichukua mikate mikavu akatoka kwenda kusikiliza hadithi, kisha hukaa kwenye mfereji wa Isa, na mikate ile kwa ukavu wake haikuwezekana kuliwa ila kwa maji, basi kila tonge moja hunywa funda moja. Asema kuwa wakati ule alikuwa akiona utamu ambao hakuuona tena alipokuja kukaa penye vyakula vyema. Jambo hili la utamu uliopotea, msomaji aliweke moyoni, kwani tutalirudia.

Katika masomo yake alikutana na mashekhe wa hali mbali mbali, na hapa pana faida kubwa kwa makusudio yetu. Hakuwa mtu wa kufumba macho mbele ya waalimu wake. Ameandika kuwa alikutana na mabingwa wa hadithi wenye kuhifadhi na kujua sana, lakini walikuwa wakilegeza mambo kwa kusengenya watu na kukuita kusengenya huko ni kupima wapokezi, na wengine walikuwa wakichukua ujira kwa kusomesha hadithi, na wengine wakiharakia kujibu masuala ili jaha yao isivunjike, hata wakikosea. Kwao pia alisoma, wala hakukataa hadithi sahihi kwa sababu ya ulimi wa aliyeipokea. Lakini akakutana na Abdulwahhab al-Anmati, ambaye barazani kwake hakukupata kusikika kusengenya, wala hakuwa akitaka ujira, na zikisomwa kwake hadithi za kulainisha nyoyo alikuwa akilia kilio cha mfululizo. Ibnul-Jauzi alikuwa mtoto mdogo wakati huo, na machozi yale yakajenga ndani ya moyo wake nguzo ambazo riwaya peke yake hazikuzijenga. Akakutana na al-Jawaliqi, bingwa wa lugha, mtu wa kimya kingi, ambaye pengine huulizwa suala ambalo hata baadhi ya vijana wake wangeliharakia kulijibu, naye akasita mpaka awe na yakini. Asema kuwa kwa hawa wawili alinufaika zaidi kuliko kwa wengine wote.

Katika mawaidha mwalimu wake alikuwa Ibnuz-Zaghuni, mwanachuoni wa madhhab ya Imamu Ahmad bin Hanbal. Shekhe huyu alipofariki mwaka 527 (1132), mwanafunzi akataka nafasi yake, nao wakamwona bado mdogo, kwani hakuwa na zaidi ya miaka kumi na saba hivi, nafasi ikapewa mwingine. Kijana hakurudi nyumbani kununa. Akaenda mbele ya waziri, akatoa mawaidha mbele yake, waziri akasikia na akampa ruhusa ya kukaa katika Msikiti wa Mansur. Tangu siku hiyo hakuteremka.

Wakati wa waziri Ibn Hubaira, aliyefariki mwaka 560 (1165), naye alikuwa mtu wa ilimu na mpenzi wa wanavyuoni, mambo ya Ibnul-Jauzi yalipanda. Khalifa al-Mustanjid alimruhusu kuwaidhi katika msikiti wa kasri. Alipotawala mwanawe, al-Mustadhi, baina ya mwaka 566 na 575 (1170 mpaka 1180), daraja yake ikafika upeo. Khalifa alikuwa akija kusikiliza nyuma ya pazia, na watu wakikodi mahali pa kukaa tangu mapema. Kufikia mwaka 574 alikuwa na madrasa tano mikononi mwake. Yasimuliwa kuwa siku moja alimwelekea Khalifa akamweleza ya kuwa akisema anamwogopa yeye, na akinyamaza anamwogopea yeye, na kwamba ameona bora kuitanguliza khofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Kisha akamwaidhi kwa khabari za watawala waliotangulia, na Khalifa akatoa sadaka na akawafungua wafungwa.

Tunaye shahidi wa macho wa baraza zake, naye hakuwa mtu wa Baghdad wala hakuwa na haja ya kujipendekeza. Ni Ibn Jubair, msafiri wa Andalusi, aliyepita Baghdad mwezi wa Safar mwaka 580 (Mei 1184) akitoka Hija. Alihudhuria baraza ya Jumaamosi mbele ya nyumba ya Imamu, ukingoni mwa mto upande wa mashariki, kisha akahudhuria nyingine siku ya Alkhamisi katika uwanja wa kasri ya Khalifa. Aeleza kuwa wasomaji wa Qur'ani walikuwa zaidi ya ishirini, wakisoma wawili wawili au watatu watatu kwa zamu, huyu akimaliza aya mwingine akapokea, kutoka sura mbali mbali, mpaka zikawa aya hizo nyingi mno. Hapo Imamu akaanza khutba yake bila ya maandishi, akazipanga aya zile zote zilizosomwa, moja baada ya moja kwa taratibu yake, ndani ya maneno yake. Kisha masuala yakarushwa kwake kwenye vikaratasi, naye akayajibu papo hapo. Mwishoni watu walilia kwa sauti, wakamwendea kama nondo waendavyo kwenye taa, kila mmoja akimtolea utosi wake amkate nywele ziwe ni alama ya toba, na waliozimia wakainuliwa mikononi mwa watu. Ibn Jubair aliona kuwa lau angevuka bahari na majangwa kwa ajili ya baraza moja ya mtu huyu, biashara yake ingekuwa na faida.

Hayo ndiyo aliyoyaona mgeni. Sasa tutazame aliyoyaona mwenye baraza.

Katika Saydul-Khatir, jina ambalo maana yake ni mawindo ya fikra, Imamu ameandika mambo yake ya ndani kwa uwazi usiozoeleka katika vitabu vya wanavyuoni. Amesema kuwa mwanzo wa ujana wake alifunguliwa njia ya kujinyima dunia, kufunga na kusali na kukaa faragha, na moyo wake ukawa mwema, akijuta kwa dakika moja ikimpotea bure. Kisha baadhi ya wakubwa wakayapenda maneno yake, wakamvuta kwao, na tabia ya binadamu ikamili. Ule utamu ukaondoka. Akavutwa na mkubwa mwingine, naye akajihadhari na chakula chake kwa kuogopa shubha, hali ikawa si mbaya sana. Baadaye zikaja taawili. Akaanza kujipanulia katika yaliyo halali, hili halina ubaya na lile halina ubaya, mpaka ile nuru na utulivu vikamtoka, na kuchanganyika na watu kukamletea giza juu ya giza. Hapo ndipo akaandika neno ambalo twaona ni zito kuliko yote aliyoyaandika: kwamba majonzi yake ya kukipoteza kile alichokuwa nacho yalikuwa yakiwatikisa watu barazani, wao wakitubu na kutengenea, na yeye akitoka pale muflisi.

Atafakari mwenye kutafakari. Mtu huyu angeweza kusema mbele ya waliokuwa wakilia kuwa hafai, akafunga kitabu. Wala si kwamba hakuujua mlango huo. Aliujua vizuri na aliuchunguza, kwani zamani zile walikuwako watu waliozika vitabu vyao ardhini au wakavitupa majini, na wanavyuoni walioacha kusomesha wakaenda kujificha kwa kudai kusafisha nafsi zao. Ibnul-Jauzi aliwakataza. Katika Talbisu Iblis, kitabu alichokitunga kueleza hila za shetani kwa kila tabaka ya watu, na katika Saydul-Khatir pia, ameona kuwa kuzima taa ya ilimu kwa jina la ucha Mungu ni hila mojawapo ya Iblis, kwa sababu mcha Mungu wa faraghani hujinufaisha mwenyewe tu, na mwanachuoni anaposomesha kheri yake huwafika wengi. Lakini katika kitabu hicho hicho hakuwasaza watoa mawaidha. Amewafichua wanaopamba maneno kwa ajili ya kusifiwa, na wanaopiga kelele na kupiga membari kwa mikono, na wanaoingiza mashairi ya mapenzi ili watu wapagawe, na wanaochukua mali za wakubwa wenye kudhulumu. Aliyasema haya na yeye mwenyewe akikaa barazani kwa wakubwa. Alijua kuwa upanga ule una makali pande mbili.

Basi alifanya nini na giza lile? Asema kuwa alijaribu kujitibu na kujitenga, akashindwa na nafsi yake. Alikwenda kwenye makaburi ya watu wema akaomba kwa wasila wao atengenekewe. Wengi katika wasomaji wetu hawatalikubali jambo hilo, nasi hatulitaji liwe hoja, ila kwa kuwa yeye hakulificha haifai sisi kumfichia. Kisha upole wa Mola wake ukamvuta kwenye faragha bila ya kupenda kwake, moyo ukaanza kumrudia, akaona aibu za yale aliyokuwa akiyapendelea. Na muda wote huo baraza haikuvunjwa.

Hesabu yake mwenyewe katika kitabu hicho ni kuwa waliotubu mikononi mwake walipita 200,000, na waliosilimu walipita watu 200. Wanaopenda kumlaumu husema kuwa hesabu hiyo ni ya kujisifu, na pengine pana haki kidogo katika lawama hiyo. Lakini aisomaye asiikatie katikati. Baada ya kuitaja tu, aeleza kuwa siku moja alikaa akawatazama waliomzunguka, nao wamepita 10,000, hapana hata mmoja ila moyo wake umelainika au jicho lake limetoka machozi, na nafsi yake ikamuuliza itakuwaje wakiokoka hawa wote akahiliki yeye. Akamwomba Mola wake kwamba, ikiwa amemkadiria adhabu kesho, basi watu hawa wasijulishwe kuadhibiwa kwake, si kwa ajili ya heshima yake yeye, bali wasije wakasema kuwa Mwenyezi Mungu amemwadhibu yule aliyewaonyesha njia ya kwenda Kwake. Hatujui dua nyingine ya mtoa mawaidha iliyo mfano wa hii. Anaomba siri yake isitiriwe ili imani ya wengine isitikisike, na kuhusu nafsi yake hana dhamana anayoitegemea.

Isidhaniwe kuwa aibu zake zilikuwa za dhana tu, kama wafanyavyo watu wema kujiita waovu. Wanavyuoni waliokuja baada yake wamezitaja, na waliomtaja wengine ni wa madhhab yake mwenyewe. Ibn Rajab asema kuwa watu walimlaumu kwa wingi wa makosa katika vitabu vyake, na kwa kujikweza, na kwa kugeuka geuka katika mambo ya sifa za Mwenyezi Mungu. Ibn Qudama wa Damascus, ambaye alimjua, alimkubali kuwa ni imamu wa zama zake katika mawaidha, lakini hakuridhika na mwendo wake katika mambo ya itikadi. Vitabu vyake vyahesabiwa kwa mamia, kuanzia tafsiri ya Zadul-Masir mpaka taarikh ya al-Muntadham, na alikuwa akikimaliza kimoja akaingia kingine bila ya kukirejea, ndiyo sababu ya makosa hayo. Mwenyewe alikiri kuwa yeye ni mpangaji wa maneno ya waliotangulia kuliko kuwa mtungaji. Na ajabu kubwa ni kuwa alitunga kitabu kizima cha kuwafichulia watu hadithi za kuzuliwa, nacho ni al-Maudhuat, kisha katika vitabu vyake vya mawaidha akaingiza hadithi dhaifu na nyingine zilizo mbaya zaidi. Hakuna wa kumtetea kwa hilo. Yeye pia alipenda nguo laini nyeupe zenye manukato na chakula chema, na hakuona kuwa hayo yanamtoa katika dini.

Kubwa zaidi ya hayo ni khabari ya Shekhe Abdulkadir al-Jilani, ambaye uradi wake wajulikana katika miji yetu yote. Mashekhe hawa wawili waliwaidhi mji mmoja, katika madhhab moja, na Shekhe Abdulkadir alipofariki mwaka 561 (1166), Ibnul-Jauzi alimwandikia katika taarikh yake maneno machache tu yasiyolingana na cheo chake. Moyo wake haukuwa safi juu ya Shekhe yule. Na chuki baina ya nyumba mbili hizo haikufa na Shekhe.

Mjukuu wa Shekhe Abdulkadir, Abdussalam aliyeitwa ar-Rukn, alituhumiwa kuwa na vitabu vya falsafa na vya kuabudu nyota. Wakati wa waziri Ibn Yunus vitabu hivyo vilichomwa moto hadharani na Ibnul-Jauzi akihudhuria, na madrasa ya babu yake ikaondolewa mikononi mwake akapewa Ibnul-Jauzi. Laiti asingaliipokea! Baadaye upepo ukageuka, Ibn Yunus akakamatwa, akatawala mambo Ibnul-Qassab, naye alikuwa Shia. Ar-Rukn akamwendea, akamtia maneno juu ya mzee yule wa ukoo wa Abubakar aliyekuwa rafiki wa Ibn Yunus, na mwaka 590 (1194) akaja nyumbani kwake mwenyewe. Akamtukana, akaitia nyumba lakiri, akawatawanya watoto wake. Mzee wa karibu miaka themanini akatiwa mashuani bila ya suruali, na nguo nyepesi mwilini na kikofia kichwani, akashushwa mto mpaka Wasit. Yasimuliwa kuwa ar-Rukn alimtaka liwali wa Wasit amkabidhi adui yake amtupe shimoni, na liwali yule, ijapokuwa ni Shia, akamkemea akakataa kumtia mtu shimoni bila ya hati ya Khalifa.

Miaka mitano alikaa amefungwa katika nyumba moja Wasit. Aliyekuwa akihutubu mbele ya Khalifa sasa alijipikia mwenyewe, alijifulia nguo zake, alijivutia maji kisimani. Habari mbaya zikamfika kutoka Baghdad, na iliyo chungu zaidi ilitoka kwa mwanawe Abul-Qasim Ali. Huyu ndiye aliyemwandikia zamani ile risala mashuhuri ya nasaha, Laftatul-Kabid, akimweleza namna baba yake alivyojitaabisha kwa ilimu na kumsihi aache uvivu. Nasaha hiyo imewanufaisha wengi mpaka leo, yule aliyeandikiwa haikumfaa. Baba alipokuwa kifungoni, Ali aliviuza vitabu vyake kwa bei ya kutupa. Wale wakaguzi tuliowataja mwanzo wangeipenda sana khabari hii, na bila shaka mjini Baghdad walikuwako wa namna hiyo, wakiuliza vipi atawatengeneza watoto wa watu aliyeshindwa na wake.

Naye Wasit akafanya jambo la mwanafunzi. Alikuwa hajapata kuzisoma visomo kumi vya Qur'ani kwa ukamilifu, basi akakaa mbele ya Shekhe Ibnul-Baqillani, msomaji wa mji ule, akamsomea visomo hivyo pamoja na mwanawe mdogo Yusuf, mtoto aliyezaliwa mwaka 580. Umri wake umefika themanini na ushei, na wa mwanawe haujafika kumi na tano. Yasimuliwa kuwa alikuwa akihitimu Qur'ani mara kwa mara katika upweke wake, ila Sura ya Yusuf akiiruka, kwa majonzi ya kumkumbuka mwanawe walipokuwa mbali mbali.

Yusuf huyu ndiye aliyekuwa sababu ya kufunguliwa kwake. Alikua akawa mtoa mawaidha naye, akafika kwa mama wa Khalifa an-Nasir, na bibi huyo akamwombea mzee. Mwaka 595 (1199) akarudi Baghdad, watu wakatoka kumpokea kwa furaha. Mtu angetaraji kuwa baada ya fedheha ile, na mwana aliyejulikana mji mzima kwa aliyoyafanya, na umri ule, mzee atakaa nyumbani na tasbihi yake. Akatangaziwa baraza, akapanda.

Baraza yake ya mwisho ilikuwa siku ya Jumaamosi, tarehe 7 Ramadhani mwaka 597, Juni 1201, karibu na kaburi la Maaruf al-Karkhi, na mjukuu wake kwa binti, ambaye baadaye alikuwa mtoa mawaidha mashuhuri wa Damascus, alihudhuria. Alipoteremka akashikwa na maradhi, akaugua siku tano, akafariki usiku wa kuamkia tarehe 13, baina ya Magharibi na Isha. Masoko ya Baghdad yalifungwa. Jua lilikuwa kali na watu wamefunga, na kwa wingi wa msongamano jeneza halikufika makaburi ya Bab Harb, karibu na Imamu Ahmad, ila kwa taabu kubwa. Wako waliolazimika kufungua saumu zao. Yasimuliwa kuwa katika maisha yake alikuwa akikusanya vibanzi vya kalamu alizokuwa akichonga kwa kuandikia hadithi za Mtume, akausia vitumike kuchemshia maji ya kuoshwa maiti yake, navyo vikatosha na kubaki. Akausia pia kaburini paandikwe beti chache, wala hakukuwa ndani yake khabari ya vitabu wala ya waliotubu. Ni maneno ya mtu mwenye dhambi nyingi aliyekuja mgeni kwa Mwenye kusamehe.

Yusuf alishika mahali pa baba yake, akapanda vyeo katika dola, akajenga Damascus madrasa iliyoitwa al-Jauziyya kwa jina la ukoo wao. Yeye aliuawa mwaka 656 (1258) Watatari walipouangamiza mji wa Baghdad. Madrasa ilibaki, na baadaye msimamizi wake alipata mtoto, ambaye kwa kazi hiyo ya baba yake watu walimwita Ibnu Qayyimil-Jauziyya, yaani mwana wa msimamizi wa Jauziyya. Wengi huyachanganya majina hayo mawili.